Kupeana Mkono Siyo Kushindwa

Katika mikutano ya matawi yetu, kutoka Mbagala hata Tandale, liko swali moja ambalo vijana hawachoki kutuuliza. Wanasema: "Nyinyi mwatuambia tutulie, tusubiri, tuzungumze. Maalim Seif alitulia, akasubiri, akazungumza, akapeana mkono na wale waliomfunga. Alipata nini?"

Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulikimbia. Kijana aulizaye hivyo hakulitoa kitabuni. Tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya uchaguzi, mambo tuliyozoea kuyasikia kuwa ni ya Unguja na Pemba yalifika mitaani kwetu Dar es Salaam: maandamano na ghasia, risasi, vifo, amri ya kutotoka nje usiku, intaneti kuzimwa. Tangu siku hiyo wako majirani wasioamkiana kwa sababu ya kadi ya chama. Kwa hiyo yatupasa kuyatazama kwa makini maisha ya mtu aliyefanya siasa miaka mingi katika nchi iliyogawanyika, tuone alifanya nini na hasira ya watu wake.

Seif Sharif Hamad alizaliwa Mtambwe, Pemba, mwaka 1943. Sisi tuliosomea ualimu twapenda kukumbuka kwamba hilo jina la Maalim hakupewa kwa heshima tu. Alifundisha shule kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972, halafu mwaka 1977 akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar. Mwaka 1984 akawa Waziri Kiongozi. Mwaka 1988 aliondolewa katika cheo hicho, akafukuzwa CCM pamoja na wenzake. Mwaka uliofuata akakamatwa, akakaa kizuizini hata mwishoni mwa mwaka 1991. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, yeye alikuwa miongoni mwa walioanzisha CUF.

Uchaguzi wa mwaka 1995 ulitangazwa hivi: Dkt. Salmin Amour wa CCM kura 50.2 kwa mia, Maalim Seif kura 49.8 kwa mia. Nchi ilipasuka katikati kama nazi. CUF ilikataa matokeo, na yaliyofuata ndiyo twataka msomaji ayafikirie. Watu hawakugombana majukwaani tu. Mtu wa chama hiki hakununua chumvi katika duka la mtu wa chama kile, hakupanda gari lake, hakwenda harusini kwake, wala hakwenda kumzika. Kila mtu wa pwani ajua maana ya kumsusia jirani maziko. Ugomvi wa kura uliingia hata makaburini.

Halafu ikaja damu. Tarehe 26 na 27 Januari, 2001, CUF ilipoitisha maandamano ya kupinga uchaguzi wa mwaka uliotangulia, polisi walipiga risasi. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao Pemba, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Kovu hilo lilifika hata Temeke yetu. Mwezi Januari 2015, Profesa Ibrahim Lipumba, mwenyekiti wa CUF, alikamatwa na polisi akiwa njiani kwenda Mbagala kuwakumbuka marehemu wale.

Mtu aliyekwisha fungwa, tena akazika wafuasi wake, angeweza kusema neno moja tu na vijana wakashika mapanga. Neno hilo hakulisema. Oktoba 2001 vyama viwili vilitia sahihi muafaka. Mengi yake hayakutimizwa, na uchaguzi wa mwaka 2005 ukaleta ugomvi ule ule. Hata hivyo, Novemba 2009 Maalim alikwenda Ikulu ya Zanzibar, akakaa na Rais Amani Abeid Karume ana kwa ana. Aliporudi kuwaambia wafuasi wake kwamba sasa wanamtambua Karume kuwa Rais, wako waliokasirika. Alijua watakasirika, naye aliwaambia. Kumtukana adui mbele ya watu wako ni kazi nyepesi, hata mlevi aiweza. Kuwaambia watu wako neno wasilolipenda ndiyo kazi ya kiongozi.

Tarehe 31 Julai, 2010, Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na 66.4 kwa mia wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa ili Makamu wa Kwanza wa Rais atoke katika chama kilichoshika nafasi ya pili. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo Dkt. Ali Mohamed Shein alipata kura 50.1 kwa mia na Maalim 49.1. Pasua ilikuwa ile ile ya mwaka 1995, lakini safari hii hapakuwa na damu. Maalim akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza, na watu wakarudi kuzikana.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya visiwa vyetu tu. Huko Ireland Kaskazini, Wakatoliki waliotaka Ireland moja na Waprotestanti waliotaka kubaki na Uingereza walipigana kwa miaka kama 30, na watu zaidi ya 3,500 wakafa. Martin McGuinness wa mji wa Derry alikuwa kiongozi katika IRA, jeshi la siri. Hapo hafanani na Maalim, ambaye hakuwa mtu wa bunduki. Lakini baada ya mapatano ya mwaka 1998, McGuinness naye akawa Waziri wa Elimu, na mwaka 2007 akawa Naibu wa Waziri wa Kwanza, akakaa meza moja na mchungaji Ian Paisley, mpinzani mkubwa wa watu wake. Wako wenzake wa zamani waliomwita msaliti.

Tofauti iko katika sheria. Kule wakubwa hao wawili wana mamlaka sawa, na mmoja akijiuzulu mwenziwe hawezi kubaki katika kiti. McGuinness alipojiuzulu Januari 2017, serikali ilivunjika, na Machi wananchi wakapiga kura upya. Kwetu sivyo. Uchaguzi wa Zanzibar wa tarehe 25 Oktoba, 2015, ulifutwa baada ya siku tatu na Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, matokeo yakiwa hayajamalizika kutangazwa. CUF ilisusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, na serikali ikaendelea hata mwaka 2020 bila Makamu wa Kwanza, kana kwamba nusu ya nchi haipo.

Basi, vijana, jibu letu ni hili. Kosa halikuwa kupeana mkono. Kosa ni kwamba mkono ule haukufungwa kwa sheria yenye nguvu, ukategemea hisani ya mwenye nchi.

Maalim mwenyewe alirudia kuutoa. Mwaka 2019 alihamia ACT-Wazalendo. Mwaka 2020, akiwa na miaka 77, aligombea tena. Tume ikamtangaza Dkt. Hussein Mwinyi mshindi kwa kura 76 kwa mia, na ACT ikayakataa matokeo, ikisema watu wameuawa Pemba. Wengi walidhani safari hii mzee atakataa. Tarehe 8 Desemba aliapa tena kuwa Makamu wa Kwanza. Baada ya siku 71, tarehe 17 Februari, 2021, akafariki hapa kwetu, hospitali ya Muhimbili. Aliyetangaza msiba na kuamuru maombolezo ya siku saba ni Rais Mwinyi. Nchi iliyowahi kususiana maziko ilimwombolea pamoja. Akiuliza mtu alipata nini, na aanze kuhesabu hapo.

Sasa sisi wa Temeke na Kinondoni tufanye nini? Kwanza, katika tawi lolote asionekane mwanachama anayesusia duka, harusi au msiba wa jirani kwa sababu ya kadi. Aliyefiwa hana chama. Pili, tusichoke kudai sheria. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano imekataza mahakama kuhoji matokeo ya Rais, na Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema mwaka 2020 kwamba katazo hilo linavunja haki. Mtu asiyekuwa na mahakama ya kwenda ataishia barabarani. Tudai ibara hiyo iondolewe, tudai tume ambayo aliyeshindwa ataiamini, na tuyadai hayo kila mkutano, kwa sauti na kwa majina yetu.

Tukiulizwa kama tumechoka, tujibu kwamba yule mwalimu wa Mtambwe alifukuzwa, akafungwa, akatangazwa kushindwa mara kwa mara, wala hakuacha kudai. Tuanze pale alipokomea.