Mkonge wetu unarudi kama mlango wa gari

Kuna jambo linatukera kila tukipanda teksi huku ugenini. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Mercedes-Benz ilianza kutengeneza paneli za ndani za milango ya gari lake la E-Class kwa nyuzi za kitani na katani zilizoshindiliwa ndani ya gundi ya epoksi. (Si kosa la chapa, kitani ni mmea mwingine.) Katani ndiyo hii ya mkonge, iliyowamaliza manamba migongo kule Tanga.

Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safarini Hindorf alipoileta mwaka 1893. Kufikia 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000. Zikaja kamba za plastiki, ukaja utaifishaji wa 1967, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama tani elfu ishirini hivi.

Tukilisema hili, wataalamu wetu hujibu kwamba katani ni dhaifu mbele ya nyuzi za kioo. Hatubishi. Uzi wa kioo huhimili kuvutwa mara kadhaa zaidi, na katani hunywa maji. Lakini epoksi ikiganda peke yake hupasuka upesi, nyuzi ndizo zinazobeba mzigo, na si kila kitu kinahitaji nguvu ya kioo. Katani ina uzito unaozidi kidogo tu nusu ya ule wa kioo kwa ujazo ule ule. Ikioshwa kwa soda kali, nta na uchafu hutoka, gundi ikashika barabara. Tena zipo njia za kuchanganya: tabaka za kioo nje kuzuia maji, katani katikati kupunguza uzito na gharama.

Hatusemi boti ya kwenda Pemba ijengwe kwa katani tupu. Tunasema viti vya daladala, milango, dari. Epoksi itabidi tuiagize nje, hilo tunalikubali, lakini nyuzi tunazo, na korona bado zinanguruma.

Basi waziri akija tena huku kutafuta wawekezaji, tutamuuliza hadharani: katika marobota yanayovunwa kila mwaka, mangapi yanabaki nyumbani kugeuzwa kitu zaidi ya kamba na magunia?