Mali ya Ndoa Iliyovuka Bahari

Katika vitongoji vya Temeke na Kinondoni, kuanzia Mbagala hadi Bunju, ziko nyumba nyingi ambamo mume ni wa Unguja au Pemba na mke ni wa Bara, au kinyume chake. Ndoa inapokuwa na heri, hakuna anayeuliza sheria ya upande upi inawahusu. Inapovunjika, bahari ambayo boti huivuka kwa muda wa saa mbili hivi hugeuka kuwa pana mno.

Ndoa si jambo la Muungano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatumika Bara peke yake. Kifungu chake cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwani mahakama iliona amekwisha kufuja fedha alizopewa na mumewe. Lakini kanuni ile imedumu. Visiwani, ndoa za Waislamu huamuliwa na Kadhi, na Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imewapa makadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mchango katika mali. Shauri lililoanzia huko haliishii katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, maana Katiba ya Zanzibar imeyatenga mambo hayo.

Tuchukue mfano wa mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ambaye mkewe amelea watoto Mbagala kwa miaka ishirini. Nyumba ya Mbagala haina taabu kubwa: mke atafungua shauri katika Kituo Jumuishi cha Temeke, kinachoshughulikia mashauri ya familia. Kiwanja cha Fuoni je? Sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 humpa haki ya matumizi ya ardhi Mzanzibari, na mke huyu si Mzanzibari. Tena iko akiba ya mume katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998. Kifungu cha 114 hakiyataji mafao ya uzeeni kwa jina, na fedha zenyewe hazijafika mkononi mwa mtu. Huenda ndiyo mali kubwa kuliko zote waliyonayo, nayo ndiyo isiyoonekana.

Uingereza iliruhusu akiba ya pensheni kugawanywa wakati wa talaka tangu mwaka 2000. Hatusemi tuige kila kitu cha Waingereza, lakini hatuoni kwa nini mke aliyefua sare za kazi za mumewe ahesabiwe katika matofali na asihesabiwe katika michango ya kila mwezi.

Tunazitaka Tume za Kurekebisha Sheria za pande zote mbili zikae pamoja juu ya jambo hili. Wakati huohuo, Mifuko ya Bara na Visiwani iwekewe wajibu wa kutoa taarifa ya michango ya mwanachama kila inapotakiwa na hakimu au Kadhi, bila kujali amri imetoka upande gani wa bahari. Nao ndugu zetu wa visiwani wenye familia Dar es Salaam tunawashauri waandikishe nyumba na viwanja kwa majina ya wote wawili pale sheria inaporuhusu, na wafanye hivyo mapema, kungali na maelewano.