Dimbwi la Msimu Nalo ni Maji

Anayedai kwamba ndege za kunyunyizia nzige hazina haja ya kukwepa madimbwi ya msimu, kwa kuwa yatakauka tu, amekosea hesabu. Huko Zambia, kati ya Nchelenge na nyika za Mweru Wantipa, mazalia ya kale ya nzige wekundu, mvua huacha madimbwi ya kina cha kiganja. Kiasi kile kile cha sumu kikiangukia maji ya sentimita 10, ukali wake ni mara 50 ya ule wa maji ya mita 5. Matone ya dawa ni madogo mno, na upepo huyapeleka mbali na shabaha. Tena kukauka si kufa: samaki wa jamii ya Nothobranchius huishi miezi michache, mayai yao yakisubiri mvua ndani ya tope. Wakiuawa kabla ya kutaga, kizazi kizima kimekatika.

Nitaambiwa nzige huleta njaa. Ni kweli, baa la 1930 hadi 1944 lilisambaa karibu kusini yote ya Afrika. Lakini hatulazimiki kuchagua baina ya shamba na dimbwi. Mwaka 2009, huko Iku-Katavi, Tanzania, nzige hao hao walidhibitiwa kwa Green Muscle, dawa ya kuvu inayowashambulia nzige na jamaa zao. Basi madimbwi yachorwe ramani, ukanda wa kinga uachwe, na kando ya maji itumike kuvu. Mdharau dogo hukosa kubwa.