Mtoto Mmoja kwa Bei ya Kunyamaza



Wapendwa wanaparokia, na nyote mnaoifuatilia tafakari hii kila juma,

Kila parokia ina kamati iitwayo ya Haki na Amani. Katika parokia nyingi kamati hiyo huonekana mara mbili kwa mwaka: mara moja imebeba bango katika maandamano, na mara ya pili inasoma tamko ambalo waamini hulisikiliza huku wakitazama saa. Sisemi haya kwa kuwadharau wanakamati, ambao wengi wao hujitolea nauli zao wenyewe. Ninayasema kwa sababu majirani zetu wa Uganda wametuachia historia inayoonyesha kazi hiyo ni nini hasa, na humgharimu mtu kiasi gani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa Joseph Kony waliingia katika shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Aboke, kaskazini mwa Uganda, wakawachukua wanafunzi 139. Kulipopambazuka, sista mmoja Mkomboni kutoka Italia, Rachele Fassera, makamu wa mkuu wa shule, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu John Bosco Ocen. Hawakuwa na silaha yoyote. Waliwafikia waasi, wakaomba, wakasihi, na hatimaye wakapewa wasichana 109. Thelathini wakabaki mikononi mwa waasi. (Jina la sista huyo kwa lugha yetu ni Raheli, anayesoma Injili ya Mathayo anajua ni mama gani aliyelia na kukataa kufarijiwa.)

Hatua ya sista huyo inasimuliwa mara nyingi, na inastahili. Lakini mimi huwatafakari zaidi wazazi wa wale thelathini. Walianza kukutana kanisani mjini Lira kila juma, kusali na kufunga kwa ajili ya binti zao. Kati yao alikuwamo Angelina Atyam, muuguzi na mkunga, ambaye binti yake alikuwa mmoja wa waliobaki. Wazazi hao walikwama katika sala ya Baba Yetu. Walipofika mahali pa kuomba msamaha kwa kipimo cha kusamehe, sauti zao zilikatika, kwa maana waliona kwamba wangekuwa wanamdanganya Mungu. Nadhani sala ile iliyokatika ilikuwa na ukweli kuliko nyingi tunazozimaliza bila kikwazo.

Kutoka katika sala hiyo kilizaliwa chama cha wazazi wenye watoto waliotekwa. Hawakudai wasichana wa Aboke peke yao, bali watoto wote waliochukuliwa na waasi, wakiwamo wa wakulima wasiojulikana, ambao hakuna mwandishi wa habari aliyeyaandika majina yao. Walipaza sauti nchini mwao na ng'ambo, na mwaka 1998 Angelina alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu.

Sauti ile iliwaudhi waasi. Angelina akaletewa ujumbe: nyamaza, nasi tutakurudishia binti yako.

Ndugu zangu, msiipite sentensi hiyo upesi. Mzazi yeyote anajua jibu ambalo moyo wake ungetoa. Angelina alijibu kwamba atanyamaza watakaporudishwa wote. Wapo waliomwona amepotewa na akili, na sithubutu kuwalaumu. Binti yake alikaa utumwani karibu miaka minane. Alitoroka mwaka 2004, akarudi akiwa mama. Baadhi ya wenzake walifia huko huko porini.

Angelina alifanya na jambo jingine. Alimtafuta mama mzazi wa yule kamanda aliyemshikilia binti yake, akamwendea, akamsamehe yeye na ukoo wake. Hapa naomba sisi mapadre tuwe waangalifu. Hakuna paroko aliyemwamuru kwenda. Tumewaumiza watu wengi kwa kumhubiria msamaha mfiwa ambaye hata hatujamsikiliza, tukiita jambo hilo amani kwa sababu tu kelele zimekoma. Msamaha wa Angelina haukumfanya aache kudai. Aliendelea kuwadai waasi watoto, na kuidai serikali ulinzi.

Viongozi wa dini wa nchi ya Waacholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, walifanya kazi pamoja kwa namna hiyo hiyo. Walishinikiza itungwe sheria ya msamaha kwa waasi watakaoweka silaha chini, nayo ikapitishwa mwaka 2000. Mwezi Juni 2003, Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu na wenzake walilala nje mjini usiku nne, pamoja na watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini wakikimbia kutekwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati za kuwakamata Kony na makamanda wake mwaka 2005, viongozi hao waliogopa kwamba mlango wa mazungumzo ungefungwa. Wengine walijibu kwamba amani isiyomgusa mkosaji ni deni linaloachiwa wajukuu. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya kweli. Dominic Ongwen, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2021, alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule, kisha akawa mtekaji. Mwaka 2024 mahakama iliamuru waathirika wake wapatao 50,000 walipwe fidia, pamoja na malipo ya ishara ya euro 750 kwa kila mmoja. Sijui mizani ya kupimia hukumu kama hiyo, ila naona ni vema kwamba walau mateso yao yameandikwa mahali fulani kama kosa la mtu, yasihesabiwe kuwa ni bahati mbaya.

Sisi hatujaombwa kuchagua kati ya mtoto wetu na watoto wa wengine. Bei tunayotajiwa ni ndogo mno, na bado tunaipokea. Watu wa kitongoji wanapunjwa fidia ya mashamba. Anaitwa pembeni yule anayejua kusema, analipwa kwanza, na mkutano unaofuata haonekani. Vijana kumi wanakamatwa mtaani. Jumuiya inahangaika mpaka kijana wake aachiwe, kisha wale tisa wanakuwa shauri la familia zao. Haturudi nyuma kuuliza. Tunatoa hata misa ya shukrani.

Kamati yetu itakutana Jumamosi hii baada ya misa ya asubuhi. Nimemwomba mwenyekiti tusianze na tamko. Kila jumuiya ilete jina la mtu mmoja ambaye suala lake halijamalizika, na asiwe ndugu wa yeyote aliyemo katika jumuiya hiyo. Wanaojua alipo karani wa baraza la kata siku za Jumatatu waje pia, tutawahitaji.

Wenu katika Kristo,
Paroko