Fildi ya Mazingira Isiwe ya Wenye Nazo Peke Yao

Kila mwaka ikikaribia Julai, wanafunzi wa sheria tunatembea na bahasha kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Ni msimu wa fildi. Mwenye mjomba wakili anakwenda kwenye kampuni ya uwakili, mwingine anapata mahakama ya mwanzo, mwingine ofisi ya mwanasheria wa halmashauri. Halafu kuna kundi dogo linaloomba kwenye asasi za kutetea mazingira. Mwaka jana nilikuwa kwenye kundi hilo, wiki nane. Leo naandika kuhusu wale waliochaguliwa pamoja na sisi wakashindwa kwenda.

Najua kuna makamanda watauliza haya yanahusu nini jumuiya ya vijana ya chama cha upinzani, wakati tuna tume ya uchaguzi na katiba mpya za kupigania. Yanahusu. Wengi wetu tunamjua Tundu Lissu wa bungeni na wa majukwaani. Kabla hajaingia bungeni mwaka 2010 alikuwa mwanasheria wa mazingira katika LEAT, timu ya wanasheria iliyoanzishwa mwaka 1994, akihangaika na madai ya wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996. Huko ndiko alikojifunza kusoma mkataba wa madini mstari kwa mstari. Ukitaka kujua miaka ishirini ijayo nani atasimama kuhoji mkataba wa gesi au wa bandari, angalia leo nani anapata kiti kwenye ofisi hizo ndogo zenye feni moja na mafaili hadi darini.

Na kesi zenyewe hazikuanzishwa na mabingwa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwavutisha moshi na kuwaletea nzi ndani ya nyumba. Walishinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga taka, mpaka Jaji Lugakingira akakataa. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na watu wa huko nao, Festo Balegele na wenzake, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991. Mahakama ikasema kumwaga taka kwenye makazi ya watu kunagusa haki ya kuishi iliyo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Baadaye dampo likaenda Vingunguti, likaenda Mtoni, leo liko Pugu Kinyamwezi. (Angalia vizuri mwelekeo wa safari hiyo. Masaki haimo.)

Kesi hizo mbili tunazisoma darasani kama msingi wa sheria ya mazingira nchini. Walioleta hoja ni watu waliokuwa wakiinusa harufu yenyewe. Hapo ndipo mfumo wetu wa fildi unaponiudhi.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi wanadhani fildi ya asasi ni kubeba mabango na kupiga picha na miche ya miti. Kazi kubwa ni kusoma na kuhesabu siku. Unapewa taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira, kurasa mamia, Kiingereza kitupu cha wahandisi, unaambiwa itoe hapo mambo matano ambayo mwenyekiti wa kijiji anapaswa kuyajua kabla ya mkutano wa Jumamosi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama kwa mujibu wa marekebisho ya Bunge lenyewe, lakini nenda kijijini ukaulize nani amesoma tathmini ya mradi uliopita kwenye shamba lake. Niliwahi kukaa siku tatu natafuta namna ya kumweleza mtu maji ya sumu yanavyopenya chini ya bwawa la mgodi bila kutumia neno hata moja la kitaalamu. Hakuna mtihani wa chuo uliowahi kunitesa vile, na hakuna ulionifundisha vile.

Halafu siku. Mnakumbuka shauri la bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Asasi nne za Uganda, Kenya na Tanzania zilifungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki Novemba 2020. Ikafika tarehe 29 Novemba 2023, Divisheni ya Kwanza ya mahakama hiyo ikalitupa bila hata kuingia kwenye hoja za mazingira wala za fidia. Sababu: muda. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu, na mahakama ikasema waleta maombi walitakiwa kufika huko tangu 2017, mwaka ambao serikali mbili zilisaini makubaliano ya bomba. Miezi miwili, jamani! Miezi miwili ya kupata mkataba ambao haujabandikwa popote mwananchi anapopita, kuusoma, kuwapata walioathirika, kuandika viapo na kulipia safari ya Arusha. Sisemi mwanafunzi wa fildi angeiokoa kesi ile. Ninachosema ni kwamba sheria yenye saa fupi hivyo inahitaji watu wengi wenye macho, waliosambaa, wanaosoma mapema. Asasi hizo hazina mawakili wa kutosha. Zina sisi.

Sasa hesabu za hao "sisi". Mimi nilifanya fildi kwa sababu nina shangazi Tabata, wala dampo halipo tena. Nililala kwake, nilikula kwake, nikawa natafuta nauli tu: 600 asubuhi na 600 jioni ukipata gari moja, na mara mbili yake ukiunganisha, maana konda hana habari na kitambulisho cha chuo kikuu. Asasi niliyokwenda haikunilipa hata shilingi. Siitaji jina, kwa sababu nyingi ziko hivyo hivyo. Walikuwa watu wema, chai ilikuwepo, na barua ya utambulisho nilipewa nzuri sana.

Mwenzangu mmoja darasani alichaguliwa pamoja nami. Kwao ni Tarime. Baba yake ni mchimbaji mdogo, anaongea Kikurya, anajua ng'ombe wa nani walikunywa wapi. Ndiko kwenye Mto Tigithe ambao wananchi walilalamikia maji yaliyovuja kutoka mgodi wa North Mara mwaka 2009, na ndiko NEMC ilikopiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 mwaka 2019 kwa uchafuzi wa bwawa la taka sumu. Kwenye maombi yake aliandika kurasa mbili kuhusu hayo. Mimi niliandika aya mbili, nadhani nilitaja na mabadiliko ya tabianchi.

Hakuja Dar. Chumba cha mwezi mmoja, tena kwa wenye nyumba wanaotaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hakiwezekani kwa mtu ambaye bumu lake limeshaisha. Bodi ya Mikopo ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo, ni kweli, ila ukipangiwa mkopo kidogo au ukikosa kabisa, kipengele hicho unakisoma tu kwenye mwongozo. Akarudi nyumbani, akafanya fildi ofisi moja ya serikali, wiki nane anapiga fotokopi. Sasa hivi anasema atasomea mambo ya benki. Mtu ambaye angeweza kusimama mbele ya jaji akasema "mto huu naujua" amepotea kwa sababu ya kodi ya chumba, na mafaili ya watu wa machimbo tunayasoma sisi tuliokulia mbali na machimbo.

Asasi zinasema hazina bajeti. Wafadhili hawatoi fungu la wanafunzi, mradi ukiisha mishahara yenyewe inayumba. Naelewa, nimeona. Lakini nimeona pia semina ya siku mbili hotelini, washiriki thelathini, posho, maji ya chupa ndogo ndogo ya plastiki kwenye mkutano wa mazingira (hilo tuliache). Gharama ya semina moja ya namna hiyo ingewaweka mjini wanafunzi kadhaa kwa msimu mzima. Fungu lipo. Aliyeandika andiko la mradi hakutuona tu.

Na msiniambie habari ya kujitolea. Ibara ya 23 ya Katiba inatambua haki ya ujira unaolingana na kazi. Nikitafsiri nyaraka yenu usiku mpaka saa sita, ikatumika kijijini asubuhi, hiyo ni kazi. Ajabu ni asasi inayokwenda mahakamani kudai haki za msingi huku dawati la pembeni limekaliwa na mtu aliyeshinda njaa.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya asasi. Kwa miaka mingi yeyote anayeuliza kuhusu mradi mkubwa ameitwa kibaraka wa mabeberu. Wazazi wanasikia, wanamwambia binti yao asiende huko, atafute halmashauri, kuna ajira. Oktoba 2022 Kampala, wanafunzi tisa waliojaribu kupeleka ujumbe wao kuhusu bomba kwenye ofisi ya Umoja wa Ulaya walikamatwa na kuwekwa rumande. Habari kama hiyo inavuka mpaka haraka kuliko mafuta. Wakati huo huo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, sheria ya nchi hii, kifungu cha 4 na cha 5, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama na haki ya kufungua shauri yanapotishiwa. Kila mtu, sio kila mtu mwenye kibali cha mkuu wa wilaya. Mwanafunzi anayejifunza kutumia vifungu hivyo anafanya jambo la kawaida kabisa kisheria, na waziri yeyote mwenye nia njema angesema hivyo hadharani.

Kwa hiyo jumuiya yetu idai nini? Bodi ya Mikopo ilipe fildi kwa kila mwanafunzi mwenye uhitaji, na asilimia ya mkopo wake isiwe kisingizio. Vyuo vikubali fildi ifanyike kijijini chini ya asasi, kwa usimamizi wa mawakili wa huko huko Musoma, Tanga au Lindi, ili mtoto wa Tarime asilazimike kupanga Sinza ndipo ahudumie watu wa kwao. Asasi ziandike nauli, chakula na malazi ya wanafunzi kwenye kila andiko la mradi. Na sisi wenyewe tujitazame, maana kwenye ofisi za chama nako kuna vijana wa kujitolea wanaoandika matamko ya haki za wafanyakazi mifuko ikiwa mitupu. Viongozi wa jumuiya wanalijua hilo. Ukweli ni kwamba bado hatuna sauti ya kumkemea mtu kabla hatujawapa hao angalau nauli.

Hayo ya Bodi na vyuo yatachukua muda. Julai haisubiri. Tuna wanachama Kimara, Mbagala na Gongo la Mboto wenye chumba kinacholala godoro na stoo. Nimeshapeleka pendekezo kwa uongozi wa jumuiya mkoa kwamba tuandikishe nyumba za kuwapokea wanafunzi wa mikoani waliopata fildi kwenye asasi za mazingira na za haki za ardhi, wawe wanachama wetu au wasiwe. Wasichana wapangiwe kwenye nyumba za wanawake tunaowafahamu, na hilo lisijadiliwe mara mbili. Shangazi ameshakubali kumpokea mmoja. Matawi ya vyuo ya Dodoma, Mwanza na Mbeya, anzeni kukusanya majina sasa, kabla barua za fildi hazijaanza kutoka.