Kauli za Taazia na Haki ya Kulia

Katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu mustakabali wa dini, Sigmund Freud alidai kwamba imani humdumaza mtu katika utoto. Tunavyoona sisi, dai hilo limekosa shabaha. Kinachomdumaza mfiwa si imani, bali jinsi wengine wanavyozitumia kauli zake.

Tuchukue "kazi ya Mungu haina makosa". Mfiwa akiitamka mwenyewe, anajikabidhi kwa Mola wake, na hakuna wa kumkosoa. Ikitamkwa na aliyekuja kutoa pole, tena ikifuatiwa na "usilie", hugeuka amri: mazungumzo hufungwa, na anayeendelea kulia huonekana kana kwamba anamlaumu Mungu. Mtoto aliyefiwa na mama yake hujifunza hapo kuficha, wala si kusubiri.

Kinyume chake ni "makiwa" ya watu wa pwani. Neno hili, lenye shina moja na "ukiwa" na "mkiwa", humtajia mfiwa upweke wake pasipo kumtaka auache. Sheria ya Kiislamu nayo haimharakishi mjane: asiye mjamzito hukaa eda miezi 4 na siku 10. (Eda ina sababu nyingine pia, zikiwamo za nasaba.) Papara ya watoa pole isisingiziwe dini.

Wanafunzi wetu wamezoea kukusanya methali. Ingefaa wakusanye pia kauli za matangani, waonyeshe nani alimwambia nani, na mfiwa alijibu nini, au alinyamaza.