Mtaka cha Mvunguni Katika Misitu ya Taita

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Darasani huifundisha methali hii kama nasaha ya unyenyekevu. Katika misitu ya milima ya Taita, ni maelekezo ya kazi.

Kwenye ukungu wa msitu wa Ngangao anaishi ndege mdogo ambaye wanasayansi humwita Apalis fuscigularis. Hapatikani kwingineko duniani ila katika milima hiyo. Mgongo wake ni wa kijivu, koo jeusi, tumbo jeupe. Hutafuta wadudu chini, ndani ya vichaka vilivyosongamana. Anayetembea akikodolea macho vilele vya miti atampita. Sharti asimame, anyamaze, asikilize: sauti hutangulia, umbo hufuata.

Mtoto naye hujifunza lugha kwa sikio kabla ya jicho. Lakini shule zetu zimelisahau sikio. Mwanafunzi hukariri orodha ndefu ya tanakali za sauti ili apite mtihani, ilhali hawezi kutofautisha milio ya ndege wawili walio nje ya dirisha la darasa lake.

Wakati hautungoji. Ndege huyu yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini mno kutoweka. Ngangao wenyewe ni takriban hekta 120 tu, na misitu ya asili iliyosalia ni vipande vilivyotenganishwa na mashamba, misonobari na mikaratusi.

Wapo watakaouliza: ndege asiyetosha kiganja atamfaa nini mkulima? Jibu ni maji. Msitu anaouhitaji ndege huyo ndio unaonasa ukungu na kulisha vijito viteremkavyo hadi nyanda kavu za Voi. Akitoweka, tujue chanzo cha maji nacho ki mashakani.

Katika kamusi ninazozitumia kufundishia, sijaliona jina lake la Kiswahili. Asiye na jina hakumbukwi. Kwa hivyo nawasihi walimu wa Taita: kila muhula, wapelekeni wanafunzi msituni kwa saa moja ya kimya, wakifuatana na mzee anayekijua Kidawida barabara. Waandike jina atakalowatajia, mlio waliousikia na mahali walipousikia. Daftari hizo zitawafaa watunzi wa kamusi na walinzi wa misitu pia. Tusingoje kumpa ndege huyu jina siku ya matanga yake.